Tupeane uzoefu: mzee wako amebadilisha nini ili aendelee na shughuli zake?

Binti_Kuze: Asalaam aleikum wapendwa. Mama ana miaka 74, magoti yamemchosha, lakini jiko hataki kumwachia mtu. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa mbuzi ya nazi. Kukaa chini anaweza, kuinuka ndiyo kazi. Nikamletea tui la pakiti; wali akauonja, akasukuma sahani kando, hakusema neno. Mwisho nikaipeleka ile mbuzi kwa seremala, akairefusha miguu hadi kimo cha kiti. Siku ya kwanza nazi yote ilimwagika, maana sinia lilibaki mbali chini. Sasa sinia tunaliweka juu ya kistuli. Anakuna kizio kimoja, anapumzika, anamalizia cha pili. Nyinyi mmefanyaje? Ya daktari tunayajua, nataka ya nyumbani.

Mvuvi_Likoni: Mzee ni mimi mwenyewe, 69. Baharini niliacha, sasa nashona nyavu chini ya mkungu mpaka jua lipande. Kuvuka ng'ambo kwa feri ya Likoni, hapa Mombasa, ndiko kulikonisumbua. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure, ila ule msukumano wa asubuhi si wa umri wangu. Basi nangoja saa nne, watu wa kazi washavuka. Tena naangalia maji: yakikupwa, mteremko huwa mrefu na unateleza, yakijaa, hatua chache tu uko ndani. Na saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo siku yangu ya kuvuka nayo huhama. Dada yangu anayekaa Majengo, ng'ambo, bado hupika biriani kila Jumatano; Jumatano ambayo maji hayanikubali mimi sitokei, analalamika.

Ghorofa_ya_Pili: Sisi wa Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, tulikosea. Ngazi zetu ni kali, tukamfungia bibi kikapu kwa kamba: muuza mboga anatia mchicha, bibi anavuta dirishani. Tulijipongeza kweli! Baada ya miezi mitatu hata barazani hataki kwenda, miguu imevimba. Kumbe mchicha ulikuwa kisingizio, alikuwa akifuata umbea wa chini. Kikapu tukakiondoa. Tukapigilia ubao wa kushikia ukutani na kuweka kiti katikati ya ngazi. Hushuka mara moja tu kwa siku, baada ya alasiri, jua likishapoa.

Babu_wa_Bao: Nasali kwenye kiti. Miezi miwili niliona haya, nikawa nasali nyumbani, nikaona nakonda kwa upweke. Siku niliyorudi msikitini nilikuta viti vinne vina watu, wote rika langu. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, zikiingia nafuata mwenyewe kwa miguu, situmi mtu. Na bao bado nawafunga vijana.

Binti_Kuze: Ghorofa_ya_Pili, umenitisha. Nilishapanga msichana wa kazi awe anaenda sokoni Marikiti badala ya mama. Basi watafuatana, warudi kwa tuktuk. Mvuvi, hiyo biriani ya Jumatano huliwa na nani?