Naomba ushauri: ngozi ya binti yangu inakataa gundi ya kipima sukari

Waungwana, asalaam aleikum. Binti yangu ana kisukari cha aina ya kwanza, na mkononi huvaa kipima sukari cha kubandika, kile kinachokaa hadi siku 14 na kusomwa kwa simu. Kimetupunguzia mno kumchoma vidole, hasa usiku sukari inaposhuka. Hata hivyo, kila tunapokibandua, ngozi iliyokuwa chini yake huwa nyekundu, huwasha na kutoa malengelenge, na kila mara hali huzidi ya awali. Shangazi yake hapa Malindi anashikilia kuwa ni jasho la kaskazi. Mimi siafiki, kwani vipele vya joto visingefuata ukingo wa plasta kama muhuri.

Nimesoma kwamba mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Ulaya waliripoti kuwa kemikali iitwayo isobonili akrileti, iliyokuwemo katika baadhi ya vifaa hivi, husababisha aleji ya namna hii, na kwamba mwili ukishaikataa huendelea kuikataa. Krimu ya steroidi tuliyoandikiwa hutuliza tu.

Je, kuna aliyepimwa aleji kwa kubandikiwa dawa mgongoni hapa Pwani, au ni lazima twende Nairobi? Na waliotanguliza plasta ya haidrokoloidi chini ya kifaa, je, ilishika katika joto letu bila kuvuruga vipimo? Aliyehamia kifaa cha aina nyingine pia anieleze, tafadhali, kama muwasho ulikoma.