Pencheni jamii, bibi hana kitambulisho

mtoto_wa_micheweni:
Asalam aleikum jamaa, bibi yangu kashapita miaka 70 zamani ila hana cheti cha kuzaliwa wala zan id (kitambulisho cha mkaazi wa Zanzibar), ile pencheni jamii ya wazee hapa Zanzibar ataipataje? Inaniuma wallahi, mtu kachuma karafuu umri wote halafu karatasi ndo imzuie

bintiNgambo:
Waaleikum salam. Anzia kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaani kwenu, yeye ndo anamjua ni mkaazi, afu mfatilie kitambulisho. Hata kama hajawahi kuajiriwa anastahiki, toka 2016 ni ya wazee wote wakaazi walofika 70

mzee_kijana:
Usichelewe, mwanzo ilikuwa elfu 20 kwa mwezi sasa ni 50. Ila mie nasema wawafate wazee majumbani, mtu hata kusimama hawezi unamwambia apange foleni kweli?