Mmoja analowa, mwingine mkavu: nani yuko hatarini tukishuka Uvira?

FundiNguba (Bukavu)

Jambo kwenu ndugu. Wiki ijayo mafundi saba wa hapa Bukavu wanashuka Uvira, kwenye joto la kando ya ziwa, kujenga ghala: msingi, kuta za matofali, kisha mabati. Ni kazi ya kama mwezi. Watano kati yao hawajawahi kubeba zege chini ya Ngomo, ule mteremko wa barabara ya kwenda bondeni.

Kinachonisumbua ni namna ya kuwapanga. Mmoja ana kilo 95. Akichanganya zege nusu saa, hata katika ubaridi huu wetu, shati lote limelowa. Mwingine ana kilo 60 hivi, anafanya kazi ileile na mgongo wake unabaki mkavu. Wenzao wanasema yule mkavu ndiye mwenye mwili wa kuvumilia joto, na yule mnene aachwe Bukavu. Ni kweli? Na maji je, kiasi gani kwa mtu mmoja, na chumvi itiwe au isitiwe? Naomba majibu ya kufuata shantie (pale kwenye ujenzi), maana hawa ni vijana wa watu na mimi ndiye wazazi wao wataniuliza.

Muuguzi_Kadutu

Shefu, usimwache mtu nyuma kwa sababu ya shati lake. Hapo wenzao wamepindua mambo: anayeanza kutoka jasho mapema na kwa wingi mara nyingi ndiye ambaye mwili wake unajua kujipoza. Anayebaki mkavu ndiye wa kuulizwa maswali zaidi.

Mtu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na hazizidi kuongezeka ukubwani. Tofauti kati ya watu iko katika mambo matatu: jasho linaanza joto la ndani likifika wapi, kila tezi inatoa kiasi gani, na jasho lina chumvi kiasi gani. Yote matatu hubadilika kwa mazoezi na kwa kuzoea joto, ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja wa Uvira na mmoja wa Bukavu, hutoka jasho tofauti.

Kinachopoza ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Lita 1 ikikauka yote huondoa karibu kilokalori 580 za joto. Fundi anayebeba zege huzalisha joto la kilokalori 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi kiasi cha lita 0.6 kwa saa kingemtosha, bila kuhesabu jua linalomwongezea. Lakini kando ya ziwa hewa ina unyevu, sehemu ya jasho inadondoka chini bila kukauka, na hilo halimpozi hata kidogo. Ndipo mtu anafikia lita 1 au 1.5 kwa saa. Anayejifuta kwa taulo kila dakika naye anatupa jasho kabla halijafanya kazi yake. Ajifute macho tu.

Sasa yule wa kilo 95. Mwili mkubwa unazalisha joto zaidi kwa kila hatua, na ngozi yake ni ndogo ukilinganisha na uzito. Mtu wa kilo 60 ana ngozi kama mita 1.7 za mraba, yaani sentimita 280 za mraba kwa kila kilo. Wa kilo 95 ana kama mita 2.1, yaani 220 kwa kila kilo. Jasho lake jingi ndilo jibu sahihi la mwili. Hatari yake ni nyingine: anapoteza maji haraka, na joto likishaingia ndani linachelewa kutoka. Mpe kazi isiyo ya kupanda na kushuka siku za mwanzo, na uhakikishe anakunywa. Anaweza kwenda.

Yule mkavu anaweza kuwa mkavu kwa sababu nzuri: ni mwepesi, anazalisha joto kidogo, na hapa Bukavu jasho linakauka kabla hujaliona. Angalia ukingo wa kofia yake na mgongo wa shati baada ya kazi. Ukiona mistari myeupe ya chumvi, basi anatoka jasho vizuri tu. Usipoiona, na ngozi yake ni ya moto, analalamika kichwa na anakuwa mwekundu wa macho wakati wenzake wako sawa, muulize kuhusu dawa anazotumia, makovu makubwa ya moto (ngozi ya kovu haitoi jasho), na kama alishawahi kuzimia juani.

Njia ya uhakika ni mizani. Akojoe, avue abaki na chupi, umpime. Afanye kazi saa 1, ukiandika alichokunywa. Ajikaushe, apimwe tena. Kilo 68.4 zikiwa 67.6 na amekunywa nusu lita bila kukojoa, ametoa lita 1.3 kwa saa. Mtu asimalize siku akiwa amepungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake. Kwa huyo wa kilo 68 ni kama kilo 1.4. Fanya hivyo kwa wote saba siku ya pili au ya tatu, na utaacha kubahatisha.

Kiliba_Chini

Muuguzi amesema vizuri. Mimi nitaje ratiba, kwa sababu vifo vingi vya joto kazini hutokea katika siku chache za kwanza, na wanaokufa ni wageni wa joto.

Kutoka Bukavu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, hadi Uvira kando ya Tanganyika, chini ya mita 800, mnateremka mita 700 na zaidi. Hiyo peke yake ni nyuzi 4 au 5 za joto, ukiongeza jua la uwanda na mabati yanayorudisha mwanga usoni. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea. Katika siku 3 hadi 6 za kwanza maji ya damu yanaongezeka na moyo unapunguza mbio; jasho kuanza mapema, kuwa jingi na kupungua chumvi huja baadaye kidogo.

Kwa wale watano: siku ya kwanza juani iwe asilimia 20 tu ya kazi ya kawaida, kisha uongeze asilimia 20 kila siku. Siku ya tano ndipo wanabeba mzigo mzima. Wale wengine wawili, kama waliwahi kufanya kazi kwenye joto, anza nao kwa asilimia 50, halafu 60, 80, 100. Lakini kama wameishi Bukavu miaka mingi bila kushuka, kuzaliwa Uvira hakuwasaidii sana. Wahesabu pamoja na wageni. Na kukaa kivulini Uvira wiki nzima hakumzoeshi mtu. Lazima atoke jasho kwa kazi, saa 1 na nusu hadi 2 kila siku.

Mabati yapigwe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, saa nne mtu ashuke. Mchana wafanye kazi ya kivulini: kukunja nondo, kupima, kukata mbao. Zege wachanganye asubuhi au baada ya saa kumi. Kila fundi awe na mwenzake wa kumtazama, kwa sababu anayezidiwa na joto huwa wa mwisho kujua: anaanza kujibu ovyo, anasahau nyundo iko wapi, anakasirika bila sababu.

Wakipanda Bukavu kwa wikendi hakuna shida. Akikaa juu wiki moja au zaidi, sehemu kubwa ya kuzoea imepotea, ingawa hurudi kwa siku 2 au 3. Akikaa mwezi, anza upya kama mgeni.

FundiNguba (Bukavu)

Asanteni sana. Bado maji na chumvi. Shantie tuna bidoni (madumu) za lita 20. Halafu nimemuuliza yule mkavu: anasema anakunywa promethazine, dawa ya mzio, kila usiku kwa ajili ya kujikuna. Inahusika?

Muuguzi_Kadutu

Inahusika sana, lakini hiyo namwachia mama wa farmasi aliye humu. Mimi nimalize maji.

Kikombe cha mililita 200 hadi 250 kila dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Inakuwa lita 0.6 hadi 1 kwa saa. Usimlazimishe mtu kupita lita 1.4 kwa saa. Tumbo halipitishi, na maji matupu mengi kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu hadi mtu anatapika, anachanganyikiwa na anaweza kupata degedege. Watu wanadhani huyo ana kiu wanamwongezea maji, na hapo wanamuua.

Mtu akila sawasawa asubuhi na mchana, fufu na sombe na ndagala wenye chumvi, maji ya kawaida yanamtosha kwa kazi ya saa mbili tatu. Kwa siku nzima ya kazi, hasa wiki ya kwanza wakati jasho bado lina chumvi nyingi, tengenezeni hivi: maji lita 20, chumvi vijiko vya chai 5 vilivyosawazishwa kwa kisu, sukari nusu kilo. Kijiko cha mlima kinaharibu kipimo. Ikiwa kinywaji kina chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya. Usiwape chumvi ya kumeza mkononi wala vidonge vya chumvi. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asinywe mchanganyiko huu kabla ya kuongea na daktari wake.

Na Uvira kipindupindu si habari ya kusimuliwa. Tibu maji kwanza kwa klorini kwa kipimo cha paketi, subiri nusu saa, ndipo utie sukari. Ukitanguliza sukari inapunguza nguvu ya klorini. Kinachobaki jioni kimwagwe, bidoni ioshwe.

Mtu akianguka na kuongea ovyo, usiseme malaria ukamwekea paracetamol. Paracetamol haishushi joto la aina hii. Mvue, mlaze kivulini, mmwagieni maji mwili mzima bila kuacha huku wawili wakimpepea kwa kipande cha karatoni. Kama kuna pipa au beseni kubwa, mzamishe hadi shingoni, mtu amshike kichwa. Mpozeni kwanza, papo hapo, hadi arudiwe na akili, ndipo mumpeleke kituo cha afya. Njiani mwendelee kumlowesha. Asipewe chochote mdomoni akiwa amechanganyikiwa. Msidanganywe na ngozi yenye jasho: anayezidiwa akiwa kazini mara nyingi bado analowa hata joto la ndani likipita nyuzi 40. Kipimo cha malaria kifanyike baadaye.

Katuba_Usiku (Lubumbashi)

Naongeza upande wa baridi, kwa kuwa huku kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na walinzi wanaugua, wakati mwezi wa kumi watu haohao wanalia joto.

Joto mwili unalijifunza vizuri. Baridi unaijifunza kidogo tu. Wanawake wapiga mbizi wa Korea waliokuwa wakiingia baharini na nguo za pamba walikuwa na uvumilivu wa baridi wa ajabu. Tangu 1977 walipoanza kuvaa mavazi ya mpira ya kuzamia, uvumilivu ule uliisha katika miaka michache. Na kuna kitu cha kuzaliwa nacho: karibu mtu 1 kati ya 5 duniani hana protini ya misuli iitwayo alfa-aktinini-3, na utafiti wa 2021 ulionyesha kwamba watu hao hushika joto lao vizuri zaidi kwenye maji baridi, bila kutetemeka sana. Kwa hiyo mtu akisema anasikia baridi kuliko wenzake, mwamini. Wembamba, watoto na wenye upungufu wa damu hupoa haraka; tezi ya shingo ikilegea pia mtu husikia baridi wakati wote.

Wenye SS (ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli) wawe na uangalizi wa pekee. Baridi inabana mishipa na kuamsha maumivu ya mifupa, na joto bila maji linafanya vilevile. Mwenye SS asipewe zamu ya usiku ya mwezi wa saba wala zege la mchana.

Kasiksi au lotoko (pombe za kienyeji) ya kupasha mwili ni uongo: pombe inafungua mishipa ya ngozi, mtu anasikia moto juu huku joto la ndani linatoka. Na mbabula (jiko la makaa) usiingizwe kwenye kibanda kilichofungwa. Hewa ya makaa haina harufu na inaua waliolala.

Jasho la usiku linalolowesha shuka wakati wa baridi, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, ni la kupimwa kifua kikuu. Linalotoka ghafla, la baridi, kwa mwenye kisukari anayetumia dawa: sukari mdomoni mara moja kama bado anameza vizuri. Viganja na nyayo zinazolowa tangu utotoni na kukauka usingizini, hiyo ni hali ya kuzaliwa, haihusiani na udhaifu wa moyo.

Mama_Farmasi (Bukavu)

Shefu, promethazine inazuia ujumbe wa neva unaoiambia tezi itoe jasho, na ikinywewa usiku bado iko mwilini kesho yake mchana. Pia inaleta usingizi, jambo baya kwa mtu wa juu ya mabati. Kwa kujikuna kuna cetirizine ambayo kwa jasho haina athari kubwa. Aje aonwe ngozi wiki hii, kabla hamjashuka. Kujikuna usiku kwa muda mrefu kunaweza kuwa upele wa kuambukiza, na saba wakilala chumba kimoja wataupata wote.

Waulize na wengine sita. Dawa za namna hii ni pamoja na amitriptyline, chlorpromazine na trihexyphenidyl. Furosemide haizuii jasho ila inamkausha mtu kwa mkojo. Anayetumia moja ya hizi asiache mwenyewe, hasa za akili na za presha; arudi kwa aliyemwandikia na aseme wazi kwamba anakwenda kufanya kazi juani Uvira.

Huyo kijana akishabadilishiwa, mpe siku tatu, kisha mpime kwa mizani kama Muuguzi alivyoeleza. Kama saa 1 ya kazi bondeni bado inamtoa jasho kidogo kuliko wenzake wa uzito wake na ngozi yake inawaka, abaki kwenye nondo chini ya kivuli hadi daktari amwone.