Malindi mwezi wa Januari: boti ndogo au kubwa kwenda kuvua bahari ya nje?

Mpwani_wa_Nakuru ameuliza:

Assalaam aleikum wana bahari.

Mimi ni mzaliwa wa Barani, Malindi, ila kazi imeniweka Nakuru miaka mingi, na bahari siku hizi naiona likizo kwa likizo. Januari hii shemeji yangu anakuja kutoka Muscat na wanawe wawili, mmoja ana miaka 14, mwingine 9. Wote watatu wana neno moja tu mdomoni: sulisuli, yule samaki wa mdomo mrefu kama mkuki. Nimewaambia kuna changu, kuna kolekole, kuna nguru. Hawasikii.

Marehemu babu alikuwa mvuvi wa mshipi wa mkono, kwa hiyo kuvua nanga ikiwa chini nakufahamu. Kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, kwa fimbo na rili huko nje ya mwamba, hapana, sikujui.

Nimeongea na watu wawili kwa simu. Wa kwanza ana boti ya fiba, futi 21, mashini moja ya nyuma, juu ni turubai tu. Bei yake haifiki nusu ya yule mwingine. Anasema tunywe chai kwa raha zetu, tutoke saa mbili asubuhi, turudi alasiri. Bahari ikichafuka, "watoto tutawavulisha palepale ndani ya bustani ya bahari, siku hizo hapapiti mtu." Wa pili ana boti ya futi thelathini na kitu, dizeli mbili, viti vya kuvulia, choo. Lakini anataka tuwe jetini saa kumi na moja alfajiri, na saa sita mchana tumesharudi. Yaani nilipe zaidi ya mara mbili kwa muda mfupi zaidi?

Shemeji yuko upande wa wa kwanza, anasema boti ndogo ndiyo uvuvi wenyewe. Mke wangu hataki hata kuisikia. Nyinyi mnaotoka kila siku mnasemaje? Na je, Januari sulisuli wapo kweli, au nitamlisha mgeni hadithi?

---

Kolekole77:

Chukua kubwa. Mashini moja ikizima nje ya mwamba wakati wa kaskazi, ule upepo wa kaskazini-mashariki, hauwapeleki Somalia, unawarudisha kwenye mwamba wenyewe. Umesema kuna watoto. Sina la kuongeza.

---

Ami_Tezi:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kolekole kasema kweli lakini kakujibu nusu.

Udogo wa boti si ila. Nimeanza ubaharia kwenye boti za wageni hapa Malindi kabla sijaota ndevu, na nimeshika midomo ya sulisuli kwenye boti ndogo kuliko hiyo ya futi 21. Boti ndogo inageuka upesi samaki akibadili njia, na mvuvi yuko karibu na maji, anaona kila kitu. Shemeji yako hapo hajakosea. Kinachonitisha kwa huyo bwana ni saa yake na mdomo wake.

Saa yake. Kaskazi ya Januari ina tabia: alfajiri kuna umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, bahari imelala. Jua likipanda upepo unageuka na kukaza, na ikifika adhuhuri huko nje kumeshakuwa kweupe kwa povu. Anayetoka saa mbili amekosa saa za samaki, halafu anawarudisha watoto mawimbi yakiwa yamesimama. Yule anayekuita alfajiri hakupunji. Anakuuzia asubuhi, na asubuhi ndiyo yenye mali.

Mdomo wake. Bustani ya bahari ya Malindi imehifadhiwa tangu 1968, yeye na jirani yake wa Watamu. Ndani yake havuliwi samaki, si kwa fimbo, si kwa mshipi, si kwa kumfurahisha mtoto. Mkipita juu yake, mishipi yote iwe ndani ya boti. Nahodha anayemwahidi mgeni atavunja sheria kabla hata hajamwona ndiye atakayekwambia mkiwa baharini kwamba jaketi za kuokolea amezisahau nyumbani.

Kwa hiyo usinunue kwa futi. Tuma mtu ufukweni, au nenda mwenyewe jioni ya kuamkia safari. Mashini ya pili ipo? Hata ya farasi 15, ya kuwarudisha tu mkiwa mmekwama. Redio inaita kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada, au ni pambo? Jaketi za watoto ni za watoto kweli, au za watu wazima zilizokazwa kamba? Halafu muulize nahodha swali ambalo wageni hawaulizi: mara ya mwisho ulikatiza safari ukarudi kwa sababu ya bahari ni lini? Mwenye kazi yake atakusimulia mpaka uchoke. Asiye na jibu, muage.

Sasa sulisuli. Wapo, na si lazima uende mbali. Jodari wakubwa wana msimu wao, kuanzia Agosti mpaka Oktoba ndipo wanapotafutwa sana, lakini kaskazi ni ya sulisuli. Ukitoka Malindi utakuta mto Sabaki umemwaga udongo wake ghubani: upande mmoja maji kama chai ya maziwa, upande wa pili buluu. Tembea kwenye mpaka huo. Samaki wadogo hujikusanya hapo, na membe, wale ndege wa baharini, watakuonyesha mahali bila kukulipisha. Nahodha anayepita mpaka moja kwa moja kukimbilia kilindini anakuunguzia mafuta yako.

Tunarambaza mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) sita au saba hivi. Boti ndogo mishipi minne inatosha, ukizidisha mtashinda mkifumua. Chambo kizuri ni ukanda wa tumbo la sehewa, jamaa mdogo wa jodari, mbele yake ngisi wa plastiki. Na hapa ndipo wageni wengi wanapompoteza samaki: sulisuli aghalabu hamezi kwanza. Anakipiga chambo kwa ule mdomo wake mrefu, kisha anarudi kukichukua. Mgeni akiona pezi limetokeza nyuma anavuta kwa nguvu zake zote, na hapo amemnyang'anya samaki chakula mdomoni. Legeza rili. Mwache aende nacho. Hesabu taratibu mpaka tano, halafu kaza uzi na uanze kuzungusha, usikurupuke. Akiruka, inamisha ncha ya fimbo kumwelekea ili uzi usikatike. Ndoana ziwe za duara, hizo hushika pembe ya mdomo na hazimchani tumbo.

Kijana wa miaka 14 atamweza kwa uzi wa ratili 30, akiwa amekaa vizuri na baba yake akiwa amenyamaza. Huyu wa 9 mtafutieni sehewa kwa fimbo nyepesi. Atacheka kuliko wote.

Na sulisuli anaachiwa. Hili lizungumzeni nchi kavu. Anatiwa alama yenye namba mgongoni, namba inaandikwa, taarifa inakwenda kwa African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia samaki hawa, pale Watamu, naye anashikwa mdomo ubavuni boti ikienda polepole maji yampite kwenye matamvua, mpaka apige mkia mwenyewe. Picha apigwe akiwa majini. Kumpandisha ndani ajigonge sakafuni kwa ajili ya simu ya mtu, mimi kwenye zamu yangu sikubali, awe ametoka Muscat au Milano.

Kitoweo ni nguru, jodari, felusi. Ila desturi ya boti nyingi hapa ni kwamba samaki ni wa boti, mgeni hukatiwa cha kula. Kubalianeni mapema, maana ugomvi wa nguru jetini nimeuona, hauna heshima.

---

Mama_Sehewa:

Ami, kuachia ni kwenu mlio kwenye boti za wageni. Sisi Mayungu sulisuli tumemla na tutamla, na hao wa mahoteli wanamkausha kwa moshi na kumuuza vipande vyembamba kama karatasi. Lakini nakiri nguru ni mtamu zaidi.

Kaka, mmezungumza upepo na mashini mkasahau tumbo. Ukimlisha mtoto mbaazi za nazi saa kumi alfajiri, ikifika saa mbili atakuwa ameziweka kwenye miguu ya nahodha. Mpe hamri moja kavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Wakae nyuma, waangalie nchi kavu au mstari wa mbali, wasiinamie simu. Moyo ukianza kuchafuka asipelekwe kulala chini ya turubai penye harufu ya petroli, huko ndiko kunakomaliza. Mikono mirefu kwa wote, jua la baharini linapiga mara mbili, juu na chini.

Mkipata nguru, kichwa msikitupe. Mchuzi wa ukwaju, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa.

---

Mpwani_wa_Nakuru:

Shukrani sana. Nimempigia yule wa futi 21 nikamuuliza swali la Ami. Kacheka, kasema yeye hajawahi kurudi njiani hata siku moja. Nimemuaga.

Yule wa boti kubwa siku zangu zimejaa, lakini kanielekeza kwa nduguye: futi 23, mashini mbili za farasi 40, redio, jaketi ndogo mbili. Huyu alinisimulia safari tatu alizokatiza mpaka salio langu likaisha! Bei iko katikati, na alfajiri ni ileile. Ananipa nichague Ijumaa wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, au Jumatano inayofuata maji yakiwa mafu, yaani yanasogea kidogo tu. Babu alikuwa akisema bamvua ndilo lenye samaki.

---

Ami_Tezi:

Babu yako alisema kweli kwa uvuvi wake wa mwambani. Nyinyi mnakwenda nje, na mnao watoto. Bamvua hapa maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na yakitoka kwa kasi kwenye mlango wa mwamba huku kaskazi inayapinga, pale panasimama wimbi fupi, la wima, ambalo futi 23 italihisi kila mbao. Sulisuli wa huko kwenye maji ya buluu hajali sana bamvua.

Halafu Ijumaa mabaharia wengi hapa hawapendi kutoka, na wanaotoka wana macho kwenye saa wawahi msikitini. Chukua Jumatano. Muulize kama leseni ya uvuvi wa michezo imo kwenye bei au mnakata wenyewe ofisi ya uvuvi, na mkate mapema, alfajiri hiyo hakuna ofisi iliyofunguliwa.