Walioshikwa na mgongo mpaka mguu hapa Goma, tupeane uzoefu

Mama wa Katindo
Leo asubuhi kwenye bomba binti mmoja aliinama kuchukua bidoni ya lita 20, akabaki palepale. Hakuanguka. Alibaki ameinama, mkono mmoja kiunoni, mwingine bado umeshika bidoni, na watu wa foleni wakaanza kumpigia kelele atoke wengine wachote. Mimi nilijua hata kabla hajafungua kinywa.

Yangu ilianza na bidoni vilevile. Miezi minne nikidhani ni figo, nakunywa maji kama samaki. Kumbe maumivu yalikuwa yanatoka kiunoni, yanapita kwenye tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, kama waya wa umeme. Nikikohoa, cheche. Nikikaa chooni, cheche. Munganga, daktari, akasema siyatiki, mshipa wa fahamu wa mguu umebanwa, akanituma kwa mtu wa kine, yaani wa mazoezi ya tiba.

Nilimkuta kijana mwembamba, umri wa mwanangu wa tatu. Mashine yake ya umeme ilikuwa imelala kwa sababu hakuna umeme siku hiyo, akaniambia haina neno, kazi yetu iko chini kwenye mkeka. Akaniambia nilale kifudifudi, nijiinue kwa mikono, kiuno kibaki chini. Nilimtukana moyoni. Mgongo unaniua, wewe unataka niukunje kinyumenyume? Siku ya nne nikarudi nikilalamika: mguu umetulia kidogo lakini sasa kiuno ndicho kinawaka. Akafurahi! Akapiga makofi kabisa. Nilitaka kumrudishia kofi moja.

Wenzangu, nyinyi mlipitaje?

Motari wa Majengo
Sisi motari, wa pikipiki za abiria, tuko hapa. Ndosho mpaka Birere juu ya mawe ya volkano, kila siku, na mteja nyuma amebeba gunia la makaa. Nani atuulize habari ya mgongo?

Chukudu Mstaafu
Motari msinichekeshe. Nyinyi mnakaa. Mimi nimesukuma chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, toka Kibumba miaka 16, kabichi na viazi vimepanda mpaka sioni njia. Kushuka ni raha, unapiga goti juu ya ubao, unabana breki kwa mguu. Kurudi kupanda ndiko mgongo unakolipa. Pale kwenye rompwe, mzunguko wa barabara, wametujengea sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu wa chukudu, nayo inang'aa, haina jasho hata kidogo. Aliyeichonga hakusukuma.

Lakini mimi sikuharibiwa na chukudu. Niliharibiwa na sindano. Mgongo ulikuwa umenishika wiki mbili, nikaingia kwenye kiduka cha dawa, sitakitaja. Kijana akasema vua upande, akanichoma takoni, katikati kabisa. Wengine husema sindano inauma. Hii haikuuma, ilipiga! Moto ulishuka mpaka kwenye unyayo ningali nimesimama. Nikamwambia toa, akasema vumilia, dawa ndiyo inafanya kazi.

Nilipotoka, hatua ya tatu sandali ikaniponyoka. Nikavaa. Ikaponyoka tena. Nikatazama chini: mguu wa kuume unaning'inia, vidole havitaki kuinuka. Nilirudi nyumbani nikiinua goti juu kama jogoo anayepita kwenye matope, watoto wa mtaani wananifuata nyuma wakiniiga.

Miezi minane ya kine. Ya kwanza mitatu hakuna kitu. Ananishika mguu, ananiambia inua, mimi nafikiri inua, mguu umelala. Akanitengenezea kitu cha kushikilia unyayo nisijikwae. Mwezi wa nne kidole kikubwa kikacheza. Kidogo tu, kama mtu anayekonyeza. Mke wangu aliita majirani waje kuona kidole.

Yaya Furaha
Hiyo sindano naijua. Dada yangu pia.

Kine wa Keshero
Mzee wa Chukudu, pole sana. Nafanya hii kazi, na wa namna yako ninawaona. Mshipa wa siyatiki ndio mkubwa kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, unene wake ni kama kidole, na unapita ndani ya tako. Ndiyo maana tunafundishwa kuchoma sehemu ya juu kwa upande wa nje, wala si katikati. Ukisikia moto unashuka mguuni, sindano itolewe saa hiyohiyo.

Mama Katindo, kijana wako alikuwa na sababu ya kupiga makofi. Maumivu yakitoka mguuni yakapanda kujikusanya kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi, hiyo ni dalili njema. Yakishuka zaidi kuelekea mguuni, acha hilo zoezi, si lako. Hayo mambo ya kulala kifudifudi yaligunduliwa kwa bahati huko New Zealand mwaka 1956. Mgonjwa aliambiwa alale kitandani amngoje mtu wa kine, Robin McKenzie. Kitanda kilikuwa bado kimeinuliwa upande mmoja, naye akalala kwa tumbo vilevile, mgongo umekunjika kinyume. McKenzie aliporudi alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu haujawahi kuwa na nafuu namna hiyo tangu wiki tatu.

Bwana Ukweli
Kine, kine, kine. Dola kumi kila seansi kumwambia mtu alale chini. Kwetu Ndosho kuna mama mkandaji: mawese ya moto, jiwe limepashwa, siku tatu umepona. Na bila karatasi.

Kadogo Himbi
Huyo mama wa Ndosho alimpanda kaka yangu mgongoni kwa miguu miwili. Kaka aliingia anatembea, akatoka amebebwa.

Bwana Ukweli
Labda kaka yako alikuwa mlaini.

Kadogo Himbi
Kaka yangu anapakua simenti, wewe mlaini ni mdomo wako.

Kine wa Keshero
Tusipigane. Joto zuri, kukanda misuli taratibu pia si vibaya, mtu anapata usingizi. Kukanyagwa, hapana. Na hiyo ya "siku tatu umepona", tuwe wakweli: siyatiki nyingi zinapoa zenyewe ndani ya wiki sita mpaka kumi na mbili, bila kupasuliwa. Kwa hiyo anayekukanda wiki ya kumi ndiye anachukua sifa. Hata sisi wa kine tunachukua hizo sifa, nakubali.

Motari wa Majengo
Na mkanda wa kiunoni je? Mimi navaa ule mpana, hata usiku.

Mzee Mugunga
Toa godoro, lala juu ya mbao. Ndiyo dawa.

Yaya Furaha
Mbao? Mimi nililala juu ya mbao mwezi mzima, nikapata ugonjwa wa pili, wa mabega.

Kine wa Keshero
Mkanda vaa kazini, usiku uvue. Godoro la wastani, wala mbao wala sponji iliyobonyea. Lakini zaidi ya yote, usilale mchana kutwa. Tembea, hata kama ni kuzunguka kiwanja cha nyumba.

Bibi wa Virunga
Mmesema kulala. Ngoja niwaeleze, kwa sababu hii imenikaa moyoni tangu 2021.

Nilikuwa nimelala wiki tatu. Siwezi kugeuka. Bakamwana wangu wawili, wake za wanangu, ndio walikuwa wananinyanyua kwenda chooni, mmoja kila upande, na mkubwa alikuwa amekwisha kuchoka, nilimsikia kwa jinsi alivyokuwa anapumua. Tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho, Jumamosi, jioni, mtoto akaingia akasema mbingu imekuwa nyekundu. Nikafikiri moto wa nyumba. Nje watu wakaanza kuita: volkano! Nyiragongo imepasuka! Umeme ukakatika.

Bakamwana wakakimbilia watoto. Mwanangu alikuwa Butembo. Mimi naita, hakuna anayesikia. Mwaka 2002 niliona moto ule ukipita katikati ya mji, najua unavyofanya. Sikumbuki kuinuka. Ninachokumbuka ni kwamba niko kwenye njia ya barieri ndogo, mpaka wa Rwanda, giza, watu kama maji, na mgongoni nimefunga mjukuu wa miaka mitatu kwa kitenge, kichwani nina furushi. Mimi! Niliyekuwa nanyanyuliwa kwenda kukojoa!

Tukalala Gisenyi, upande wa Rwanda, nje, chini. Hakuna maumivu. Alfajiri bakamwana mkubwa akanitazama muda mrefu. Akasema tu: "Kumbe mama unaweza." Hakusema zaidi.

Tulirudi, matetemeko yakawa hayaishi, na tarehe 27 serikali ikasema tutoke mji. Tukaelekea Sake pamoja na mji mzima. Huko Sake, sakafuni, siku ya pili, mguu ukanishika tena, vibaya kuliko mwanzo. Nikalia. Na hakuna aliyekuja kuninyanyua. Mpaka leo kwenye sikukuu wakikaa pamoja kuna mtu atasema, "Bibi anangoja volkano apone." Wanacheka. Nami nacheka nao.

Motari wa Majengo
😂😂 Basi dawa ni Nyiragongo. Kine ufunge kazi.

Bwana Ukweli
Ndiyo nasema magonjwa mengine ni ya kichwani.

Mama wa Katindo
Ukweli, wewe mgongo haujakushika bado. Utakushika. Bibi, mimi nakuamini.

Chukudu Mstaafu
Bibi nilikuwa kwenye njia hiyohiyo ya Sake na ule mguu wangu wa jogoo. Nilipakia mama mkwe juu ya chukudu, na hajanishukuru.

Kine wa Keshero
Bibi wa Virunga, hukudanganya mtu. Mwili ukiona kifo, ubongo unafunga mlango wa maumivu. Wanajeshi wanakimbia na risasi mguuni wasijue. Mshipa wako ulikuwa umebanwa usiku ule kama ulivyokuwa umebanwa mchana, ila habari haikupita. Ikapita ulipofika mahali pa kupumua. Mwambie huyo bakamwana aje kwangu nimweleze, bure.

Ila jambo moja ungeambiwa siku ile: mgongo uliobeba mtoto mpaka barieri haukuwa umevunjika. Wiki tatu za kulala ndizo zilizokuwa zinaunyima nguvu.

Bibi wa Virunga
Bure kweli? Nitamleta.

Asiye na Jina
Mnacheka, sawa. Mdogo wangu hakubahatika. Alikuwa na mgongo na mguu mmoja, kama nyinyi wote. Siku moja miguu yote miwili ikawa dhaifu, na akasema sehemu anayokalia, huku katikati ya mapaja, haisikii kitu, kama imekufa. Mkojo ukakataa kutoka. Tukamkanda. Tukaita watu wa maombi. Siku mbili. Tulipomfikisha hospitali munganga alituuliza tu, "Tangu lini?" tukamwambia, akanyamaza. Walimpasua. Anatembea na fimbo, lakini mkojo mpaka leo ni kwa mpira.

Yaya Furaha
Mungu wangu. Pole.

Kine wa Keshero
Pole sana ndugu. Wote msome hapo tena. Ganzi ya sehemu unayokalia, mkojo kukataa au kujitokea, miguu yote miwili kulegea: hiyo haingoji asubuhi, haingoji kine, haingoji mawese. Ni hospitali usiku huohuo. Na mwingine ambaye simshiki: mgongo unaouma zaidi usiku, homa za jioni, jasho, mtu anakonda. Huyo apimwe kifua kikuu, kinaingia mpaka kwenye uti wa mgongo. Nimeletewa mtu aliyekandwa miezi mitano kumbe ndicho.

Bwana Ukweli
Hapo kwenye mkojo nimesikia. Asante.

Motari wa Majengo
Kine, dola kumi kweli? Hapunguziwi mtu wa pikipiki?

Kadogo Himbi
Kwingine ni tano.

Yaya Furaha
Mimi nililipa kumi na tano, na alikuwa anaongea kwenye simu.

Mzee Mugunga
Mbao ni bure.

Chukudu Mstaafu
Mama Katindo, hujamaliza. Yule binti wa bombani aliinukaje?

Mama wa Katindo
Nilimwambia asijilazimishe, ashike magoti kwanza. Tukamshusha polepole mpaka mikono na magoti vikagusa chini, kama mtoto anayetambaa. Akakaa hivyo, akapumua, halafu akainuka goti moja moja akishika bega langu. Tumempandisha kwenye pikipiki, amekaa kombokombo, motari ameahidi atakwepa mashimo.

Bidoni yake, tulipogeuka, haikuwepo. Ni ya njano, kifuniko kimefungwa kwa sacheti, mfuko wa plastiki. Aliyeiona pale Katindo aniambie.