Ulinganisho: kumpandisha jike kwa kuhesabu siku, kwa mkia, kwa darubini au kwa kipimo cha damu?

Mfugaji wa Kibaha

Wakuu, habari za mchana. Nina German Shepherd jike, ana miaka mitatu, hajawahi kuzaa. Msimu uliopita mtu mmoja wa mbwa alituelekeza tumpeleke kwa dume siku ya 11. Tukampeleka, wakanasana vizuri kabisa, mimba hakuna. Sasa joto limerudi, na leo ni siku ya nane tangu damu ianze kudondoka. Dume niliyempata yuko Morogoro. Gari nakodi, na mwenye dume anataka jike alale kwake usiku mmoja tu halafu nimchukue. Malipo yake ni mtoto mmoja wa kuchagua mwenyewe.

Nimesikia njia nne: kuhesabu siku, kuangalia tabia na mkia, kupima ute wa uke kwa darubini, na kupima projesteroni, ile homoni ya uzazi, kwenye damu. Wenye uzoefu nilinganishieni, ipi inamfaa mtu wa hali yangu? Na akishapandwa nimtunzeje? Mama watoto ameshaanza kuulizia mifupa ya supu.

Koko Halali

Hizo ni mbwembwe za mbwa wa geti kubwa. Wangu hapa Tabata ni wa kienyeji, hajui maabara wala sindano, na kila msimu watoto wanajaa chini ya kontena. Wakutanishe tu, watajuana wenyewe.

Bibi Boerboel

Nimecheka, lakini Koko Halali amegusa penyewe. Jike wa mtaani akiwa kwenye joto, madume wanalala nje ya geti wiki nzima. Anapandwa leo, anapandwa kesho kutwa, tena na madume tofauti. Mbegu za dume mwenye afya zinaweza kuishi ndani ya jike siku tano hadi saba, kwa hiyo mayai yakiiva zinakuwa zimeshafika. Habari ya kwenda mara moja na kurudi tumeibuni sisi wafugaji, ndiyo maana vipimo tunavihitaji sisi, si koko.

Siku ya 11 ni wastani wa mbwa wengi, haijui chochote kuhusu mbwa wako. Kile kipindi cha mwanzo cha damu huchukua kama siku tisa, lakini wapo wanaokimaliza kwa siku tatu na wapo wanaovuka wiki mbili. Halafu nani anajua siku ya kwanza ilikuwa ipi? Jike msafi anajilamba, damu unaiona ikiwa imeshaanza siku mbili tatu nyuma. Mimi natandika shuka jeupe kwenye kitanda chake mara tu ninapoona uke umeanza kuvimba.

Msomi wa Banda

Mimi ni mtu wa mkia, na dume wangu yuko humu humu uani. Unambonyeza jike kiunoni, juu kidogo ya shina la mkia. Akiwa bado, anakaa chini au anageuka kukung'ata. Akiwa tayari anasimama kama amegandishwa, mkia anaupeleka pembeni, na uke anauinua kidogo. Uke wenyewe uliokuwa mgumu na umevimba unalegea, na kwa wengi damu inapauka. Nikiona hivyo napandisha, naruka siku moja, narudia, naruka siku moja, narudia tena mpaka amkatae. Sijawahi kulipia maabara.

Daktari wa Zizi

Kwa dume wa uani njia ya Msomi inatosha, na sioni sababu ya kumtoza mtu hela ya kipimo. Ila ijulikane udhaifu wake. Wapo majike wanaobaki na damu nyekundu mpaka mwisho. Wapo wanaomkubali dume siku kadhaa kabla mayai hayajatoka. Na wapo waliolelewa ndani na watu, wakawa tayari kabisa mwilini lakini dume hawamtaki.

Wafugaji wengi mnatoka kwenye ng'ombe, ambako ukiona dalili asubuhi unapandisha jioni. Kwa mbwa haiendi hivyo. Yai la mbwa linatoka kwenye ovari likiwa changa, linahitaji siku mbili au tatu zaidi ndipo liweze kupokea mbegu, kisha linabaki zima siku mbili au tatu hivi. Siku zenyewe ni kati ya ile ya pili na ya tano baada ya mayai kutoka. Msimu uliopita huenda wenu alinasana wiki nzima kabla au siku kadhaa baada ya hapo. Kunasana kunaonyesha kwamba dume amefanya kazi yake tu.

Darubini ni ya bei nafuu: pamba yenye maji ya chumvi ya hospitali, unafuta ndani ya uke, unapaka kwenye kioo, unaweka rangi. Mwanzoni utaona seli za mviringo zenye kiini kikubwa, na seli nyekundu za damu. Joto likikolea, seli zinageuka bapa zenye kona kona kama kaukau, kiini kimefifia. Zikifika 80% na zaidi, dirisha la kupandisha liko wazi. Tatizo ni kwamba dirisha hilo ni pana, na halikwambii mayai yatatoka siku gani. Kitu kinachoonekana waziwazi ni mwisho wake: siku moja seli za duara na chembe nyeupe zinarudi kwa ghafla, na siku hiyo muda umekwisha. Faida yake ni kwamba kutoka hapo unahesabu siku 57, ukikosea ni kwa siku moja hivi, na ndiyo siku ya kuzaa.

Projesteroni ndiyo inayokupa tarehe. Inaanza chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Ikifika karibu 2, homoni ya kuamsha mayai imepanda, na mayai yanatoka baada ya siku mbili. Ikifika 5 au zaidi kidogo, mayai yanatoka. Unaongeza siku mbili hapo, ndiyo safari yako ya Morogoro. Mbegu za dume zilizogandishwa hazina mjadala, bila kipimo cha damu usijaribu, kwa sababu zikishayeyushwa hazimalizi siku mbili.

Kwako wewe: darubini leo, ukiona seli zinaelekea kukomaa unaanza vipimo vya damu, kila baada ya siku mbili. Hivyo hulipii vipimo vya damu visivyo na kazi.

Nyota ya Nakuru

Naongeza moja kutoka huku Kenya, maana imewazungusha wengi. Kama huna kliniki ya wanyama yenye mashine, maabara ya binadamu inapima pia, projesteroni ni ile ile. Lakini tazama kipimio kilichoandikwa kwenye karatasi. Wengine wanaandika nanomoli kwa lita, na hiyo ni lazima ugawe kwa 3.18 upate nanogramu. Kuna jirani alipata 6.8, akapiga simu mbio kwamba mayai yameshatoka, gari likawashwa. Kumbe ni nanomoli, yaani 2.1 tu. Waambie pia watumie chupa ya kawaida isiyo na jeli, ile ya jeli inaweza kushusha jibu. Na usihamehame maabara katikati, mashine hazilingani.

Mzee wa Josho

Yote hayo ya nini? Mchome sindano ya homoni ashike haraka, na akishapandwa mpe vidonge vya kalisi kila siku, dawa ya kupe, chakula mara mbili. Ndivyo tulivyofanya miaka yote.

Daktari wa Zizi

Mzee shikamoo, ila hapo kwenye sindano nakukatalia. Kwa jike ambaye joto lake linakuja lenyewe, sindano hiyo haina kazi. Na zile za estrojeni ambazo watu huchoma mbwa akishapandwa na koko ili mimba itoke, hizo zinaweza kumletea usaha kwenye kizazi na kuua uboho unaotengeneza damu. Mimba isiyotakiwa ina dawa nyingine, aulizwe daktari mapema.

Kalisi ndiyo inayoponza zaidi. Ukimpa wakati wa mimba, mwili unazoea kuletewa na unasahau kuichota kwenye mifupa. Watoto wakianza kunyonya kwa nguvu, mama anaanza kutetemeka, anakakamaa, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mpe lishe kamili basi.

Bibi Boerboel

Sasa matunzo, maana hapo ndipo watu wanahangaika bure.

Siku yenyewe. Wakishanasana dume anageuka, wanabaki wamepeana mgongo, dakika 15 au 20, hata zaidi ya nusu saa. Mtu mmoja amshike jike kichwa ili asijitupe chini. Usimwagie maji, usiwavute, mtawaumiza wote wawili. Wakiachana utaona majimaji yanadondoka, ni kawaida, na habari ya kumninginiza miguu juu haina kazi kwa waliofungana vizuri. Mwangalie na dume kama uume umerudi ndani. Ukibaki nje unavimba na kukauka, hiyo ni dharura.

Ukirudi nyumbani mfungie. Hili ndilo la kwanza na watu wanalisahau, wanadhani akishapandwa amemaliza. Bado yuko kwenye joto, atampokea koko yeyote atakayeruka ukuta, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Matembezi kwa kamba mpaka amkatae kila dume.

Wiki za kwanza, mifupa ya supu na isubiri. Vitoto vinajishikiza kwenye kizazi karibu na wiki ya tatu, navyo ni vidogo kuliko unavyodhani. Chakula kiwe kile kile, kiasi kile kile, mpaka wiki ya tano au ya sita, ndipo unaongeza kidogo kidogo mpaka karibu robo au nusu zaidi anapokaribia kuzaa, ukigawa mara tatu nne kwa sababu tumbo limebanwa. Mnene anazaa kwa shida. Matembezi aendelee, mafunzo ya kurukaruka yasimame. Akikataa chakula siku mbili tatu kwenye wiki ya tatu au ya nne, usiogope, ni kichefuchefu.

Dawa usimpe bila kuuliza. Chanjo zimalizwe kabla ya kupandishwa. Dawa ya kupe isome karatasi, yenye amitrazi iache. Homa ya kupe ikimshika, mwambie daktari kwanza kwamba amepandwa, maana doksisaiklini si ya mjamzito. Minyoo ni jambo kubwa, kwa sababu inavuka kwenda kwa watoto wakiwa tumboni. Ipo ratiba ya fenbendazoli kuanzia siku ya 40.

Altrasaundi siku ya 28 hivi. Kabla ya hapo tumbo na chuchu zinadanganya, kwa sababu hata asiye na mimba homoni zake zinapanda vile vile, anaweza hata kutoa maziwa. Na kati ya wiki ya pili na ya nane akianza kunywa maji mengi, kutapika, kunuka ukeni, kimbilia kliniki usiku huo huo.

Mfugaji wa Kibaha

Asanteni sana wakuu. Jumatatu darubini ilionyesha zaidi ya nusu zimekomaa. Leo Jumatano damu imesoma 2.3, nimehakikisha ni nanogramu. Chupa haina jeli.

Daktari wa Zizi

Vizuri. Rudia Ijumaa pale pale. Ikisoma 5 na kuendelea, mfikishe Morogoro Jumapili apandwe, apandwe tena Jumanne. Siku 63 kutoka Ijumaa hiyo ndiyo tarehe ya kuzaa, siku moja mbele au nyuma. Mwombe mwenye dume amlaze mpaka Jumanne. Dume hapelekwi kwa jike, ugenini wengi wanapoteza hamu.

Mfugaji wa Kibaha

Amekubali mpaka Jumanne. Ila sasa anataka kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na jibu la kipimo cha brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba.

Daktari wa Zizi

Ana haki. Nawe dai vya dume wake, na kabla hujamshusha jike kwenye gari omba uone uume wa dume mpaka kwenye shina. Ukikuta kinyama kinachovuja damu, hiyo ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, geuza gari.