Jina la dhahabu kwenye sahani za zawadi linafutika, na tunataka kuagiza nyingine

Kabati_Moshi: Wakuu, ofisi ya ushirika wetu hapa Moshi ina kabati la kumbukumbu. Ndani kuna sahani na vikombe vya kauri alivyozawadiwa mwenyekiti wa zamani, jina lake na mwaka vimeandikwa kwa dhahabu. Sahani mbili dhahabu inaparara, nyingine ina ufa uliogeuka kahawia. Halafu katibu anastaafu Desemba. Duka moja la kuchapa Arusha linasema kikombe chenye jina unaondoka nacho papo hapo. Kitadumu kama hivi?

FundiTanuri: Hakidumu. Muulize mwenye duka: jina linachomwa kwa joto gani? Kikombe cha papo hapo kimepakwa utando wa plastiki kiwandani, na wino huingizwa humo kwa mashine ya nyuzi joto 180 hadi 200, dakika chache tu. Kauri yenyewe haijaguswa. Jua linapausha wino, waya wa kusugulia masufuria unaukwangua. Kwa chai ya ofisini kinafaa.

Cha kuweka kabatini ni stika ya rangi za madini inayochomwa upya tanurini, nyuzi 800 hivi kwa kauri, hadi rangi ishikane na glezi, ile ngozi ya kioo. Tafuteni mfinyanzi mwenye tanuri la umeme, na agizeni sahani mbili za ziada: stika ikibaki na maji au hewa chini yake, motoni inatoboka na herufi inaharibika. Tahajia ya jina mpeni kwa maandishi, si kwa simu.

Hata hivyo rangi hiyo iko juu ya glezi, kwa hiyo inalika taratibu. Isiyolika ni iliyoandikwa chini ya glezi, mfano buluu ya kobalti. Inamisha sahani kwenye mwanga: maandishi yakiwa na mwinuko au mng'ao tofauti, yako juu. Dhahabu karibu siku zote iko juu, ndiyo maana inatangulia kuondoka.

Mhifadhi_A: Naongezea. Hata zawadi za kifalme zilichorwa juu ya glezi. Seti ya vyombo vya mezani aliyoagiza Malkia Catherine wa Urusi kwa Wedgwood, kiwanda cha kauri cha Uingereza, 1773 hadi 1774, ilikuwa na vipande 952, kila kimoja na chura wa kijani kwa kuwa kasri lilikokusudiwa lilijengwa penye kinamasi cha vyura. Leo iko makumbusho ya Hermitage, na hakuna anayelia chakula humo.

Nanyi msivitumie vyenu kulia chakula. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na asidi huyatoa. Kwa hiyo ndimu na siki zisiguse vyombo hivyo. Osheni kimoja kimoja kwenye beseni la plastiki lililotandikwa taulo, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini. Kwenye dhahabu gusisha pamba yenye unyevu, usisugue. Sahani yenye ufa isizamishwe, maji yataingiza uchafu zaidi. Na jiki msithubutu: chumvi yake hubaki ndani ya ufa, ikikauka hufanya fuwele zinazobandua glezi. Afadhali ufa ubaki wa kahawia.

Kabati_Moshi: Shukrani. Sahani tunazipanga moja juu ya nyingine, namba tumebandika kwa selotepu.

Mhifadhi_A: Basi mwizi wa dhahabu amepatikana. Duara la chini la sahani mara nyingi halina glezi, linakwaruza kama msasa. Wekeni flana kati ya sahani na sahani, zisizidi tano. Vishikio vya waya wa springi vya ukutani navyo humega kingo.

Selotepu ikiwa upande wa chini, ilainisheni kwa asetoni kidogo kwenye pamba, mbali na maandishi. Makumbusho hupaka tabaka jembamba la Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu ya wahifadhi, huandika namba kwa wino juu yake, kisha hufunika kwa tabaka jingine. Siku ikihitajika inatoka kwa asetoni. Rangi ya kucha si mbadala, inageuka njano na kubanduka. Mkikosa Paraloid, kikombe kifungieni lebo ya uzi kwenye mkono wake, sahani iwekeeni karatasi chini, andikeni kwa penseli.

Daftarini andikeni nani alitoa, nani alipewa na kwa tukio gani, mkapige na picha ya jina sasa hivi, dhahabu ikiwa bado inasomeka.